Mwanafunzi wa Alhamisi

Gitaa lilikuwa limekalia kiti cha Msasa. Alikuwa ametoka gereji na njaa ya kufa mtu, amenawa mikono mara mbili kwa sabuni ya unga na bado kucha zimejaa puti ya kuzibia mabonde ya magari, akakuta sahani ipo, kijiko kipo, lakini kitini limeegemezwa gitaa la binti wa mkewe kama mgeni aliyealikwa.

"Toa hilo dude nikae," alisema.

Binti hakuinua macho. Alikuwa na miaka kumi na saba na alijua kutafuna polepole pale alipotaka kumtia mtu hasira. "Lina jina. Linaitwa gitaa."

"Haya, toa gitaa nikae."

"Kaa pengine, fundi. Viti viko tele."

"Mwanangu!" alisema mama yake, muuguzi ambaye tayari alikuwa amevaa sare yake nyeupe kwa zamu ya jioni. Binti akalipakata gitaa, akaendelea kula kwa mkono mmoja, na Msasa akakaa. Mambo yangeishia hapo kama mtu yule angejua kunyamaza, ila kunyamaza hakukuwa fani yake. Kazi yake ilikuwa kunyoosha bodi za magari yaliyogongwa, na wenzake gerejini walimpa jina la Msasa si kwa ajili ya viganja vyake peke yake. Ulimi nao ulikwaruza.

"Kutwa nzima kelele," alisema, "na hata wimbo mmoja hatujausikia ukafika mwisho."

Binti akaweka kijiko chini na kumtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Baba yangu anapiga gitaa. Wewe unapiga mabati. Kelele zetu tuachie wenyewe."

Mama yake akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimponyoka tu, akakifunika kwa kiganja na kujifanya anakohoa, lakini Msasa alikuwa amekiona. Maneno ya mtoto yalimuuma, kicheko cha mkewe kilimkaa rohoni.

Huyo baba wa binti alijulikana kwa jina la Solo, kwa kuwa enzi za bendi yeye ndiye aliyepiga gitaa la solo. Aliiacha nyumba yake binti akiwa mdogo, akaifuata bendi katika mji mwingine wa mbali. Bendi ikafa, yeye akabaki hukohuko. Msasa alipomuoa mama, mama alimwambia binti amwite mume huyu mpya baba mdogo. "Mdogo kwa nani?" binti aliuliza. "Baba yangu hana ndugu." Tangu siku hiyo akamwita fundi, kama mtu aliyekuja kutengeneza bomba akasahau kuondoka.

Msasa hakuwahi kukutana na Solo. Picha zake zilishaondolewa ukutani zamani. Alikuwa amemwona kwa kuchungulia tu, kwenye simu ya binti, kwa maana Solo alikuwa na ukurasa wake mtandaoni na kila wiki aliweka video fupifupi: kofia nyeusi, pete kubwa, tabasamu la mtu aliyeshiba sifa. Binti alizitazama na vipokea sauti masikioni, akizirudia, na kwa njia hiyo akajifundisha gitaa peke yake. Yeye mwenyewe Solo hakumpigia. Ujumbe wake wa mwisho ulikuja mwaka juzi: "Niko bize mwanangu, nitakupigia." Simu hiyo mpaka leo ilikuwa njiani.

Kesho yake, saa ya mapumziko, Msasa alikaa ndani ya gari lisilo na milango, akautafuta ukurasa ule. Alitaka tu kumtazama adui yake vizuri. Akashuka na video zile, moja baada ya nyingine, hadi akafika kwenye tangazo: masomo ya gitaa kwa njia ya video, mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja, wanaoanza wanakaribishwa. Shetani gani alimpitia, baadaye hata mwenyewe alishindwa kusema. Aliandika: "Naitwa Msasa. Sijui chochote."

Hakuwa amerudisha simu mfukoni jibu likaingia. "Karibu sana ndugu Msasa! Alhamisi jioni inakufaa?"

Alikaa akiitazama alama ile ya mshangao. Mtu aliyekuwa bize miaka miwili kwa mwanawe, kwa mgeni asiyemjua amejibu kabla simu haijapoa mkononi.

Akanunua gitaa kuukuu lenye ufa ubavuni, ufa akauziba mwenyewe kwa puti, akalificha stoo pamoja na makopo ya rangi. Mpiga rangi wa pale gerejini, aliyekuwa mwenzake wa siku nyingi, alimcheka mpaka akashika mbavu.

"Umeokoka? Unaingia kwaya?"

"Kuna mtu nataka kumwona."

"Si umfuate tu umwone, mpaka ujifunze muziki?"

Msasa hakumjibu. Alhamisi ilipofika alijifungia kwenye kontena lililokuwa ofisi yao, akaegemeza simu kwenye kopo la tina ya kuchanganyia rangi, akangoja.

Solo alitokea akiwa mdogo wa mwili kuliko kwenye video zake. Hakuvaa kofia, na kumbe alikuwa na upara. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu, pazia la kijani na feni ya kusimama.

"Shusha kamera," alisema kabla hata ya salamu. "Uso wako hauna kazi hapa. Nionyeshe mikono."

Msasa akashusha. Solo akaisogelea skrini yake.

"Mungu wangu. Hivyo ni vidole au mihogo?"

"Ni vidole. Na vimekulipa."

"Unafanya kazi gani ndugu?"

"Nauza mitumba," alisema Msasa, kwa kuwa alijua habari za fundi magari aliyemuoa muuguzi lazima zilishamfikia.

"Basi leo ni zamu yako kuvaa kilichomshinda mwenzako. Shika shingo ya gitaa. Si kuinyonga, kuishika! Tuanze na kodi ya G."

"Kodi? Nimekuja kujifunza gitaa, sikuja kulipa kodi."

"Kodi ni nyuzi kadhaa zinazopigwa pamoja zikakubaliana," alisema Solo kwa uchovu. "Zako zitagombana, lakini jaribu."

Ndivyo walivyoanza, na hivyo ndivyo walivyoendelea. Solo alikuwa mwalimu mkali, mwenye dharau, tena mwenye mdomo. Msasa naye hakuwa mtu wa kumeza. Mwalimu alihesabu moja, mbili, tatu, nne, mwanafunzi akapiga, na kwa kuwa sauti ilichelewa kufika, mwalimu akapiga kelele, "Umechelewa!"

"Sijachelewa mimi, umechelewa mtandao."

"Mtandao haujanilipa nikaufundishe. Rudia!"

Msasa alirudia. Nyuzi zilimkata ncha za vidole vya kushoto, mahali pekee mikononi mwake palipokuwa bado na ngozi laini. Kila jioni ya kazi alibaki gerejini akifanya mazoezi, huku mkewe akidhani kuna magari mengi. Wala hakuyafanya kwa mapenzi. Alichotaka ni siku moja akae mezani, apige wimbo mmoja mpaka mwisho, kisha amtazame binti yule na mama yake, aone nani atacheka.

Jambo moja lilimkera zaidi ya matusi. Solo alijua kazi yake. Siku moja alichoka kumkosoa, akachukua gitaa lake mwenyewe na kusema, "Sikiliza inavyotakiwa," akapiga kipande kifupi cha polepole. Hata kwenye kispika cha simu, hata na mtandao wa kukatakata, malaika ya Msasa yalisimama mikononi. Alikaa na gitaa lake la puti mapajani akamchukia yule mtu upya, kwa nguvu mpya. Sasa alijua binti alikuwa akisikia nini ndani ya vile vipokea sauti.

Ndipo akamuuliza. Alilipanga swali lile wiki nzima, halafu likamtoka kama mate.

"Mwalimu, una watoto?"

Solo alikuwa akikaza uzi wa gitaa lake. Hakuinua kichwa. "Sina."

"Hata mmoja?"

"Mtoto wa nini? Hili lenyewe linalia usiku kucha." Akacheka kidogo, akaujaribu ule uzi kwa kidole. "Haya, G halafu D. Usiniangushe."

Msasa akapiga G. Akapiga D.

Aliporudi nyumbani siku hiyo, binti alikuwa ameketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, akitazama video za baba yake. Miguu aliinyoosha ikaziba njia, na alipomwona Msasa hakuikunja. Msasa alisimama mbele ya ile miguu. Alikuwa na neno mdomoni, neno moja tu, na alijua lingemvunja mtoto yule kuliko kofi. Aliliacha ulimini akionja ladha yake. Kisha akalimeza, akairuka miguu na kwenda kuoga. Asisifiwe kwa hilo. Alilimeza kwa sababu alitaka kulitunza, litumike siku ya ugomvi mkubwa zaidi.

Siku hiyo haikumpa nafasi ya kuchagua. Alhamisi iliyofuata binti alipoteza funguo za nyumba, na mama yake alikuwa kazini. Akaja gerejini, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akiwa amekunja uso na kuinua pindo la sketi asiguse oili. Akamuuliza mpiga rangi fundi yuko wapi.

"Yuko darasani," alisema mpiga rangi, akaonyesha kontena kwa brashi.

Binti akasukuma mlango bila kubisha. Msasa alikuwa ameinamia gitaa, ulimi umetoka nje kwa juhudi, na simu mbele yake ikimfokea.

"Sasa nani kaniwekea giza?" alisema Solo. "Wewe binti mlangoni, ama ingia ama toka, unamzibia mwanafunzi wangu mwanga!"

Binti hakutoka. Msasa alimwona akiitambua ile sauti. Alimwona vile mabega yake yalivyopanda, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Akasogea hatua kwa hatua mpaka akainama mbele ya simu, uso wake ukajaa kwenye kioo.

"Unanijua?" aliuliza.

"Nikujue wapi? Dada, tuko kazini hapa."

"Angalia vizuri."

Solo akasogeza uso. Akaangalia kwa jicho la mtu anayesoma maandishi madogo. Msasa, kutoka pembeni, aliona kila kitu: nyusi zikipanda, mdomo ukifunguka, mkono ukiinuka nusu kama wa mtu anayetaka kusalimia au kujikinga. Halafu Solo akaganda. Mkono hewani, mdomo wazi, kimya kabisa.

"Baba," alisema binti.

Hakuna kitu.

"Mtandao," alinong'ona Msasa, maana ndivyo ilivyokuwa kila wiki. "Ukikata huwa anaganda hivyo."

Lakini binti alikuwa akitazama nyuma ya baba yake. Feni ilikuwa inazunguka. Pazia la kijani lilipanda na kushuka taratibu kwa upepo wake. Walisimama wawili wao, mtu na binti wa mkewe, wakimtazama mtu mzima aliyejifanya picha. Kisha jicho moja la Solo likapepesa. Simu ikakatika.

"Feni inazunguka," binti alisema polepole, kama mtu anayejisomea.

"Nimeona."

Akageuka. Alilitazama gitaa la puti, vidole vya Msasa, ile karatasi ya kodi aliyoibandika ukutani. "Tangu lini?"

"Miezi miwili. Na kidogo."

"Miezi miwili unaongea na baba yangu kila wiki."

"Sikuwa naongea naye, nilikuwa..."

"Umemkodi!" alipiga kelele. "Umemkodi baba yangu kama mtu anavyokodi gari! Mimi nimeomba dakika tano, dakika tano tu, mwaka wa pili huu, na wewe hata kumpenda humpendi, umelipa ukapewa saa nzima!"

Msasa akamnyooshea funguo. Binti akazipokea kwa ncha za vidole, akiogopa kumgusa, akaondoka bila kuinua tena pindo la sketi.

Usiku huo mkewe alirudi akiwa ameshajua yote, kwa kuwa binti alimpigia kazini. Hakuvua viatu. Alisimama katikati ya sebule na mkoba begani.

"Ulikuwa unatafuta nini kwa yule mtu?"

"Nilitaka kumwona."

"Ukishamwona?"

Msasa aliona hakuna maana ya kupamba. "Nimchukie vizuri."

"Ulifikiri mimi simchukii vizuri? Ulifikiri kazi hiyo inahitaji msaidizi?" Akautupa mkoba kwenye kochi. "Wiki zote hizo unamtazama usoni yule mwanaume, kisha unarudi hapa unakula chakula changu, unaniambia magari mengi. Mimi nimeishi na mwongo mmoja nikamaliza. Sikuolewa tena nije kukamilisha idadi."

"Ulinicheka," alisema Msasa.

"Nini?"

"Mezani. Aliposema napiga mabati. Ulinicheka."

Mkewe alimtazama kana kwamba anamwona mgonjwa aliyetoroka wodini. "Kwa hiyo kicheko kimoja ndicho umekinunulia gitaa?"

Mlango wa chumba cha binti ukafunguka. Macho yake yalikuwa yamevimba lakini sauti ilikuwa kavu. "Alisema nini juu yangu?"

"Nani?" aliuliza Msasa, ingawa alijua.

"Usinizungushe, fundi. Miezi miwili. Alisema nini?"

Lile neno alilolitunza lilikuwa palepale. Siku ya ugomvi mkubwa ilikuwa imefika, tena ameombwa mwenyewe alitoe. Na sasa hakulitaka. Lilikuwa zito mdomoni kama kokoto. Lakini alimtazama mtoto yule akaona kwamba uongo mwingine, hata wa huruma, hataweza kuusamehe.

"Nilimuuliza kama ana watoto. Akasema hana."

Mama akafumba macho. Binti alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa mzigo aliokuwa akiutegemea.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Hukusema chochote?"

"Nilipiga G. Halafu D."

"Ungemjibu!" Sauti ilimkatika. "Mdomo wote huo, kila siku una la kusema kuhusu kiti changu na kelele zangu na viatu vyangu, siku hiyo ndiyo ukaishiwa? Ungemjibu!"

Akaubamiza mlango mpaka saa ya ukutani ikainama. Msasa alibaki amesimama. Alikuwa ametukanwa sana katika nyumba ile, ila hakuna tusi lililomwingia kama hilo, kwa sababu lilikuwa kweli tupu.

Siku zilizofuata waliishi kama wapangaji wenye kesi. Mke alipika, akapakua, akaenda kazini. Binti alikula chumbani. Kisha Jumatano asubuhi, Msasa akifunga kamba za viatu, binti akasimama mbele yake.

"Masomo yamebaki mangapi?"

"Mawili nimeshayalipia. Lakini hatatokea tena."

"Atatokea. Ni hela. Nipe moja."

Alimjua baba yake kuliko Msasa alivyomjua. Alhamisi, saa yao, simu ililia, na Solo akawa pale, safari hii na kofia yake nyeusi kichwani. Hakungoja kuulizwa.

"Umenitega," alisema. "Nimeshakujua wewe ni nani. Muuza mitumba! Mke wangu ulimchukua, haikutosha, ukaja na kwenye kazi yangu."

"Mke wako sikumchukua. Nilimkuta ulipomwacha."

"Ulitaka nini? Unidhalilishe mbele ya mtoto?"

"Mtoto gani? Si huna?"

Feni ya Solo iliendelea kuzunguka nyuma ya mabega yake. "Ningempigia nimwambie nini?" alisema mwishowe, chini zaidi. "Miaka imeshapita. Mtu anaanzia wapi?"

"Mimi ulinianzia kwenye mihogo." Msasa akasimama na kumpisha binti, aliyekuwa ameketi nje ya kamera na gitaa lake mapajani. "Mwanafunzi wa leo huyu hapa. Na ukitaka kujigandisha tena, zima feni kwanza."

Akatoka, akafunga mlango wa kontena. Nje alichukua kipande cha msasa akaanza kusugua mlango wa gari kwa mkono, kwa kuwa mashine ingezima sauti zote. Hakusikia maneno. Alisikia sauti nyembamba na sauti nzito zikipishana, zikipandiana, kisha kimya, kisha gitaa, kisha gitaa tena mahali palepale.

"Hapo pameisha," alisema mpiga rangi kando yake. "Umefika kwenye chuma."

Msasa akatazama. Kweli, alikuwa amesugua rangi yote na puti yote. Akatukana kimoyomoyo akahamia sehemu nyingine.

Binti alipotoka pua ilikuwa nyekundu. Alisimama mbali kidogo.

"Amelia," alisema.

"Amelia?"

"Kidogo. Halafu akasema nimpigie kitu, nikampigia. Akasema kidole cha tatu nakiweka vibaya." Akafuta pua kwa mkono. "Na ni kweli nakiweka vibaya, ndiyo inayoniudhi. Amesema atanipigia Jumapili."

"Utapokea?"

"Sijui. Usinihoji." Akatangulia nyumbani bila kumngoja.

Jumapili Solo alipiga. Binti alikuwa amevaa blauzi yake nzuri na kusuka nywele upya, ingawa alisema ni kwa sababu ya joto. Aliiweka simu juu ya meza ya sebuleni. Mama alibaki jikoni akiosha sufuria moja ambayo haikuisha uchafu, na Msasa akajificha nyuma ya gazeti la juzi. Walisikia salamu, wakasikia kicheko cha Solo, kile cha kwenye video. Halafu Solo akasema:

"Sasa nimepata wazo zuri sana, mwanangu. Tutengeneze video pamoja, mimi huku na wewe huko. Baba na binti. Watu wanapenda sana vitu hivyo, wanafunzi watamiminika. Una kofia nyeusi? Nitakutumia."

Binti akaisogelea simu.

"Niko kidato cha ngapi?" binti aliuliza.

"Eh?"

"Shuleni. Niko kidato cha ngapi?"

Solo akataja. Alikosea kwa miaka mitatu. Binti akakata simu, taratibu, kwa kidole kimoja, na kuilaza kifudifudi.

Msasa alikuwa ameshasimama, gazeti limeanguka miguuni. "Nipe hiyo simu nimwambie mtu yule..."

"Kaa chini," alisema mkewe kutoka mlango wa jikoni, mikono ikichuruzika povu.

"Hakuna wa kumwambia," alisema binti. "Na wewe usijitie kimbelembele leo. Ulijua yukoje wiki zote hizo ukanyamaza."

"Nilijua," alisema Msasa.

"Basi usinitazame kwa huruma. Sitaki huruma ya mtu yeyote humu ndani."

Akaingia chumbani, wakadhani ataubamiza mlango. Badala yake akarudi na gitaa, akakaa kwenye kochi la sebuleni, na kuanza kupiga. Alipiga kwa hasira, nyuzi zikigonga mbao. Alikosea, akarudia, akakosea tena palepale, akakitazama kidole chake cha tatu kana kwamba anataka kukikata. Akakisogeza. Akarudia. Sauti ilipokubali hakutabasamu, alisonga mbele tu. Mama akakausha mikono yake, akasimama hapohapo mlangoni.

Msasa alitaka kusema kitu. Aliona mapema kwamba kila alichonacho kingeharibu, akakibana. Lakini macho hakuweza kuyazuia.

"Unatazama nini?" aliuliza binti bila kuacha kupiga.

"Unavyotoka G kwenda D. Mimi hapo hunishinda."

"Kutoka huko utaona nini? Sogea."

Akasogeza kiti. Kililalamika sakafuni kwa sauti mbaya, na binti akasonya, akaanza upya kutoka mwanzo.